Kipimo cha Ngazi

Jumatatu, 3 Machi

Daktari amesema nisipande ngazi. Amesema pia nisikasirike. La kwanza ni rahisi, nyumba ya binti yangu haina ngazi. La pili angemwambia Shemeji, si mimi.

Maana leo Shemeji amepiga simu. Miaka sabini na minne, na sauti bado ya mtu anayelala vizuri! Kuna maonyesho ya matangazo ya zamani, Jumamosi ya wiki ijayo, kwenye makumbusho. Vyumba viwili. Cha kwanza sigara. Cha pili mikanda ya usalama ya magari. Mlango wa kwanza wameandika: "Walivyotudanganya." Wa pili: "Walivyotuokoa." Mimi nimo chumba cha kwanza, na wenzangu saba. Shemeji yumo cha pili. Peke yake!

Binti yangu alifurahi mpaka chai ikamwagika kwenye sahani. "Baba, mjomba kapewa ukuta mzima!" Nikamwambia ukuta mzima hata mjusi anapewa. Hakucheka.

Ningevumilia ukuta. Lakini anataka na sauti yangu. Atakuja Alhamisi ya wiki ijayo na kinasa sauti, nieleze nilivyompigania mbele ya kamati, wageni wasikilize wakilitazama bango lake.

Nilivyompigania!

Nina miaka themanini na sita. Moyo wangu — kile kipande cha nyama, si ule wa washairi — umechoka, na daktari hafichi. Kuna jambo sijamwambia mtu. Nimelitafutia daftari.

Jumanne, 4 Machi

Niandike kwa utaratibu, kama mtu aliyesoma.

Shemeji ni mdogo wake marehemu mke wangu. Kitinda mimba. Mke wangu alimbeba mgongoni utoto wote, na sidhani kama alimtua. Tulipooana tu, akaja kukaa nasi: begi moja, penseli nyingi. Mezani mke wangu alinipakulia mimi kwanza, kwa heshima zote. Lakini kipande kizuri kilibaki chunguni kikimngoja mdogo wake. Nilikiona. Miaka yote nilikiona. Mwanamume mzima, na tai shingoni, kuona wivu kwa kipande cha nyama! Basi na liandikwe hivyo hivyo.

Kazi nilimpa mimi. Kampuni yetu ya matangazo ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya kinyozi. Mimi mtunzi wa maneno, yeye mchoraji chini ya mkono wangu. Sigara ndiyo iliyotulisha. Bango langu kubwa lilikuwa na bwana mwenye koti jeupe, miwani, kitanda cheupe nyuma yake, sigara vidoleni. Chini: "Kazi imekwisha. Washa."

Yule bwana alikuwa kinyozi wa chini. Koti lilikuwa lake mwenyewe, la kunyolea. Hatukusema ni daktari. Hatukusema popote! Tulimvisha miwani tu, watu wakajisemea wenyewe. Mwezi wa pili walianza kumfuata dukani kumwuliza dawa ya kikohozi. Naye akawapa! Asali, nadhani. Tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Hiyo ndiyo iliyokuwa elimu yangu, na ndiyo niliyomfundisha Shemeji. Usiseme uongo. Sema nusu. Nusu nyingine mteja atajaza mwenyewe, na chake hatakikataa.

Alhamisi, 6 Machi

Gazeti limeleta picha ya bango lake. Binti yangu ameliweka karibu na dawa zangu, nilitazame kila ninapomeza. Vidonge vinne kwa siku — mara nne!

Nakiri ni zuri. Mkono wa mwanamke unavuta mkanda kifuani pa mume wake, vile vile mke anavyomwekea mumewe kola sawa asubuhi. Nyuso hazionekani. Mkono na kifua tu. Maneno mawili: "Funga. Unangojwa."

Ule mkono naujua. Una kovu dogo kwenye kidole gumba, la kisu cha jikoni. Mkono wa mke wangu. Alimchora dada yake, na kifua akakiacha kiwe cha yeyote.

Na yale maneno. Amri fupi, kituo, kisha sababu inayogusa mwili. Yangu ni "Kazi imekwisha. Washa." Yake ni "Funga. Unangojwa." Kayapindua tu! Mifupa ni ile ile. Mifupa niliyotumia kuwauzia watu moshi, yeye kaivika nyama akawarudishia roho zao. Mifupa yangu! Hakuna atakayeliandika hilo mlangoni.

Chakula cha jioni sikukigusa. Binti kadhani ni moyo.

Ijumaa, 7 Machi

Sasa lenyewe.

Ofisi ya usalama barabarani ilikuwa imemchukua Shemeji kutoka kwetu. Mwaka wake wa kwanza pale akawapelekea bango lile. Kamati ikasita: mbona halitishi? Wakaniita mimi, fundi mkubwa, nilipime. Na kama nina lingine, nilete.

Kwetu bango lilipimwa ngazini. Tulilitundika kwenye mpindo wa ngazi, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, bila kumwambia mtu. Mmoja wetu akakaa juu na daftari. Kila anayefika anaulizwa: umeona nini? Hicho ndicho kipimo cha ngazi. Sigara zote zilipita pale.

La Shemeji nililitundika Jumatatu, nikakaa juu mwenyewe. Katika watu thelathini, kumi na mmoja tu ndio waliokumbuka maneno. Wachache. Lakini wakati napiga hesabu, macho yaliona jambo jingine. Karani wa mashine ya kuchapa alifika juu mkono ukiwa kifuani, unalainisha blauzi. Mhasibu akaja, akajigusa tai. Tarishi akajigusa shati. Nikamwuliza mhasibu, una nini hapo? Akasema hana kitu. Hakujua kuwa amejigusa! Mmoja baada ya mwingine, ngazi nzima, walipita wakijipapasa kifua kama wanatafuta kilichopotea.

Sijawahi kuona bango likiamrisha mkono wa mtu bila kumwomba ruhusa. Miaka ishirini ya sigara, sijawahi. Nilikaa pale juu na daftari langu. Nilijua nimeona kitu kikubwa kuliko chochote nilichowahi kukifanya — na si changu.

Usiku ule nikatunga langu. Jumanne nikalitundika. Gari lililopondeka, na maneno matatu: "Mkanda au sanda."

Waliangua kicheko! Katika thelathini, ishirini na wanane walikumbuka. Walishuka wakiyarudia. Karani aliyaimba. Lakini Jumatano asubuhi, bango likiwa bado pale, mfagizi hakupita. Wala mhasibu. Walizunguka kwa ngazi za nyuma, zile zenye giza na ndoo. Nikamwuliza mfagizi, mama, mbona huku? Akasema, "Baba, mtu utaanzaje siku kwa kuonyeshwa sanda?"

Nilijua maana yake. Mwanafunzi wa wiki moja angejua. Kwenye bango la sigara hatukuweka hata shada la maua, mtu asije akakumbuka kaburi. Jina la mauti ukiliweka karibu na kitu, kitu chenyewe kinanuka. Nilikuwa nimeunukisha mkanda.

Mbele ya kamati nikasoma: hili, kumi na mmoja kati ya thelathini. Hili, ishirini na wanane. Nikafunga daftari.

Sikusema uongo. Nilisema nusu.

Wakauliza la pili ni la nani. Nikasema ni la ofisi yetu. Sikulitia jina, lisije likaonekana ni shindano. Shemeji alikuwa amekaa pembeni, penseli mkononi. Kisha wakamtoa nje ili waamue, mimi nikabaki nao, daftari limefungwa.

Nyumbani mke wangu aliuliza: vipi la mdogo wangu? Nikamwambia nimempigania hadi jasho likanitoka, kamati ni wagumu. Akanishika uso kwa mikono miwili. Siku ile kipande kizuri kilikuwa kwenye sahani yangu. Nikakila.

Jumapili, 9 Machi

Vibaya. Pumzi fupi. Kuandika yale ya Ijumaa kumenichosha kuliko ngazi.

Binti kakaa nami mchana kutwa, kanikanda miguu. Mikono ya mama yake. Akaniuliza kama naogopa. Nikasema naogopa kitu kimoja. Akangoja. Nikasema: hotuba ya mjomba wako, isije ikawa ndefu. Akanipiga kofi dogo la mguu.

Jumatatu, 10 Machi

Nafuu kidogo. Sasa niandike habari za Dereva.

"Mkanda au sanda" lilitawala miaka mitatu. Kila mtu alilijua. Walevi walilitumia kuitana. Na mikanda haikufungwa! Madereva waliifungia nyuma ya viti kwa waya. Abiria akiambiwa afunge, anauliza: unanitabiria?

Ofisi ya usalama ilikuwa na gari la kusambaza mabango, maneno yangu yamepakwa milango yote miwili kwa rangi nyekundu. Dereva wake alikuwa mtu wa utani, meno ya mbele yameachana. Siku moja nilipanda naye kwenda kuona mabango ya barabara kuu. Mimi nikafunga mkanda. Bila hata kufikiri, nikafunga. Yeye wake ulikuwa umeviringishwa nyuma ya kiti.

Nikamwambia, wewe ndiye unayebeba ujumbe, mbona hufungi?

Akacheka. "Mzee, hii yenu uganga. Mtu kaniamkia asubuhi na sanda, halafu nikivae hicho kitu chake kifuani kutwa? Sijivishi mimi." Kisha akanieleza habari za mkewe. Amejifungua juzi, msichana. Hataki kulala mpaka asikie gari limeingia uani. "Hata nikichelewa saa ngapi, mzee. Amekaa tu kitandani na mtoto, macho kodo!"

Maneno mawili yalinijia mdomoni. Yalikuwa ya Shemeji. Hapakuwa na mahali pengine duniani yalipofaa kama pale, kiti kwa kiti, mtu anayengojwa kweli. Angefunga. Nakijua kipimo changu, angefunga, walau siku ile, walau kwa haya. Lakini kuyasema kulikuwa ni kukubali.

Nikatazama nje ya dirisha. Kulikuwa na ukuta mrefu wa matofali. Naukumbuka ukuta ule kuliko uso wake.

Siku ya nane akagonga lori kwenye kona. Mwendo haukuwa mkubwa. Alitokea kwenye kioo. Nilikwenda kuliona gari. Mbele lilikuwa limeharibika, milango mizima. Maneno yangu hayakuwa na hata mkwaruzo.

Mazikoni mtu mmoja alinong'ona ile kauli. Wakamkemea. Na mimi — hili ndilo baya kuliko yote, liandikwe — kabla ya uchungu, kabla ya hofu, nilifurahi. Niliona: hata hapa wanaikumbuka.

Mwaka uliofuata mkuu mpya alilitoa bango la Shemeji kabatini. Watu wakafunga. Ndiyo hivyo tu. Wakafunga.

Jumanne, 11 Machi

Nimeandika nitakayoyasema Alhamisi. Ukurasa mmoja.

Ulianza: "Mimi niliyetunga maneno yaliyokuwa midomoni mwa kila mtu..." Nikasimama. Nikafuta. Ukaja: "Nilikuwa fundi mkubwa wa zama zangu, na fundi mkubwa hukosea makosa makubwa." Huyu nani? Nikaweka kituo kizuri baada ya "Dereva". Nikabadilisha "alikufa" ikawa "hakurudi", maana inagusa zaidi. Nikausoma kwa sauti, nikalia, nikapendezwa na kilio.

Toba ile inauza! Kinyozi kavaa koti jingine. Wangetoka chumba cha Shemeji wakimzungumza mzee aliyekiri. Na nikichimba zaidi: nataka wajue kuwa "Mkanda au sanda" ni langu. Hata kwa aibu. Aibu yenye jina langu, mradi kwenye ukuta wake.

Nimeuchana. Binti alisikia karatasi, akachungulia. "Unachana nini, baba?" Tangazo, nikamwambia. "La nani?" La mtu mmoja aliyekuwa akijiuza.

Jumatano, 12 Machi

Kesho niseme haya matatu bila kupamba. Niliona vifua. Nilificha. Dereva. Basi.

Alhamisi, 13 Machi

Nina muda wa mtu kwenda dukani na kurudi. Kinasa sauti kimeishiwa betri.

Amekuja saa nne. Amenyooka kama rula, shati limepigwa pasi. "Shem! Bado unakufa tu? Huu mwaka wa tatu!" Nikamwambia nakungoja wewe utangulie ukanishikie nafasi. Akacheka, akanishika mkono, hakuuachia haraka. Binti akaleta chai, akarudi jikoni.

Akabonyeza kile kidude. Taa nyekundu. Akasema: "Kabla hujaanza, shem, nina langu. Ile ya sanda ilikuwa yako."

Nilidhani moyo umesimama.

"Nilijua siku ile ile, pale pale kwenye kikao. Nani mwingine angeweza? Maneno matatu yanagongana kama kengele! Wiki nzima sikulala. Nilikuonea wivu, shem, wivu wa kukutafuna. Mpaka leo wajukuu zangu wanaruka kamba kwa hiyo 'mkanda au sanda', wala hawajui ilitoka wapi. Yangu haiimbwi na mtu. Yangu watu wanaifanya tu, basi."

Wanaifanya tu, basi. Anasema kama ni kasoro!

Kisha akainama, akashusha sauti. "Lakini dada aliniambia. Kwamba ulinipigania. Yaani mimi nilipotolewa nje, ulisimama mbele ya kamati ukalipinga neno lako mwenyewe, kwa ajili yangu. Shem, mtu wa namna gani anafanya hivyo? Hilo ndilo ninalotaka walisikie. Chumba kile changu, nataka wakutane na wewe kwanza."

Palikuwa na nafasi. Taa inawaka, yeye ananitazama kwa macho ya dada yake. Yale matatu nilikuwa nayo tayari. Vifua. Nilificha. Dereva.

Nikafungua mdomo, nikasema: "Hiyo ya wivu. Irudie."

Akacheka, akairudia. Nikamwuliza, wiki nzima kweli? Kweli, shem. Na wajukuu wanaiimbaje? Akaimba! Mzee wa miaka sabini na minne, anapiga mapaja. Nikamwambia huo si mdundo wake, nikamsahihisha. Nikamweleza nilivyoitunga, mezani, nikiwa nimevua viatu. Nilizungumza dakika arobaini. Sikukohoa hata mara moja. Pumzi ilitoka wapi? Nilikuwa nimepungua miaka arobaini — ningepanda ngazi zote zile mbio.

Halafu taa ikazimika. Akatikisa kidude, akasema sehemu kubwa imeingia, bado ile ya kamati, ndiyo yenyewe. Akavaa viatu, akaenda dukani.

Hakuna neno moja la Dereva mle ndani. Yule msichana wake sasa ni mwanamke wa miaka arobaini. Shemeji kasema amealikwa Jumamosi, atakata utepe wa chumba cha pili. Alilitaja hilo akiwa anafunga kamba za viatu, kama mtu anavyotaja mvua.

Atasimama chini ya mkono wa mke wangu, atanisikiliza.

Geti limelia. Anapangusa miguu mkekani. Binti yangu ameingia kuchukua vikombe, ananiuliza kama nimechoka, amwambie mjomba waache. Nimemwambia hapana. Nimemwambia aache vikombe, avute kiti, akae hapa karibu asikie.

Amekaa. Anatazama kalamu, anangoja nimalize. Sijui bado nimemkalisha asikie lipi.